Vidonge vya Mtu Mzima

Wako wanaoichukia feri ya Likoni hapa Mombasa kwa msongamano, wako wanaoichukia kwa jua la saa nane, na wako walioibiwa simu pale langoni. Mimi sina ugomvi na hayo. Kilichonitesa ni kwamba lango likishafungwa na chombo kikaacha ukingo, hakuna choo mpaka ng'ambo. Ni dakika chache tu, najua. Lakini muulize mtu ambaye utumbo wake unawaka kama dakika chache ni chache.

Nakumbuka Jumatatu moja. Nimesimama ubavuni, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine umekumbatia madaftari ya darasa la nne niliyoyasahihisha usiku. Kando yangu mama mmoja amebeba kapu la mahamri ya moto, harufu ya iliki imenijaa puani. Tumbo likakata. Haikuwa njaa wala gesi. Ilikuwa ile amri ya ghafla, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi na hataki kusikia "subiri". Jasho likanitoka ndani ya buibui. Nikasoma kila dua ninayoijua, nyingine nikazichanganya katikati. Kwenye pindo la leso nilikuwa nimefunga sarafu za shilingi kumi kumi, akiba ya vyoo vya kulipia, nikawa nazivuta moja moja kama tasbihi. Tulipogusa upande wa kisiwani niliupanda ule mwinuko wa kutokea ferini kwa mbio ambazo wanafunzi wangu hawajawahi kuniona nazo. Nilifika. Ziko siku ambazo sikufika, na hizo siziandiki.

Maradhi yangu yaitwa kolaitisi ya vidonda, yaani utumbo mpana kuvimba na kufanya vidonda. Nimekaa nayo tangu wiki chache kabla ya Ramadhani ya 2018, na ilinichukua karibu mwaka mzima kulijua jina lake.

Mtoto wa kike wa Mombasa akishika tumbo, jina la maradhi liko tayari kabla hajafungua mdomo: chango. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, hakuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja, sijashika mimba, naumwa na tumbo. Ni nini tena kama si chango la uzazi? Ikaja mizizi ya kuchemsha. Ikaja habasoda kwa asali. Likaja kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa. Sisemi haya kwa kejeli. Kombe lilinipa usingizi wa usiku mmoja, na usingizi wakati ule ulikuwa mali. Damu tu ndiyo haikukoma.

Maana nilikuwa natoka damu, na hilo sikumwambia mtu. Nilisema "tumbo", nikasema "naendesha", basi. Mji wetu huu habari ya jirani haifichiki, lakini neno "choo" latuvunja ulimi. Ningeweza kukaa sebuleni tukajadili talaka ya fulani kwa saa mbili, lakini kusema "naona damu na kamasi mara nane kwa siku" mbele ya shangazi? Nisingeweza. Nadhani aibu ile ndiyo iliyokula miezi yangu mingi, kuliko hata zahanati.

Nazo zahanati zilikula yake. Kwa kila niliyoingia palikuwa na majibu mawili, amiba au taifodi, wakati mwingine yote mawili kwa bei ya moja. Nilimeza metronidazoli, dawa ya amiba, mpaka kila nilichokula kikawa na ladha ya chuma. Kwa haki yao, mara ya kwanza hawakukosea kufikiria amiba. Amiba wa kweli wapo Pwani, nao huleta kuhara damu inayofanana sana na yangu. Tena daktari akikupa dawa za kutuliza utumbo bila kuhakikisha kwamba si amiba, anaweza kukuua: steroidi, dawa hizo za kuzima uvimbe, hulaza kinga ya mwili, amiba akapata nafasi ya kutoboa utumbo. Kwa hiyo kipimo cha choo ni lazima. Lawama yangu ni kwa mara ya tatu na ya nne, nilipopewa vidonge vilevile bila mtu kuuliza kwa nini havikufaa mara mbili za kwanza.

Kama yuko anayesoma hapa na tumbo lake lina hadithi kama hii, nitamwambia yaliyopaswa kunishtua mimi. Kuhara kwa kawaida huisha ndani ya siku au wiki. Kwangu kulipita mwezi. Damu iliyochanganyika na kamasi. Kurudi chooni mara tu baada ya kutoka, ukihisi haja haijaisha, ukakaa na usitoe kitu. Na kuamshwa usiku. Wasiwasi na mawazo huweza kukuharibia tumbo mchana kutwa, lakini mara nyingi hukuacha ulale. Likikutoa kitandani saa tisa za usiku, kila usiku, lina jambo.

Kwangu kulikuwa na ishara nyingine ya ajabu: mchele mbichi. Nilikuwa nikipepeta mchele wa chakula cha jioni, natia kiganja kimoja mdomoni, natafuna. Kisha viwili. Mume wangu akacheka kwamba mimba imeingia. Haikuwa mimba, ilikuwa upungufu wa madini ya chuma, mwili ukitafuta kwa njia zake unachovuja. Nilipopimwa, damu ilikuwa saba, na mwanamke apaswa kuwa na kumi na mbili au zaidi. Ndipo daktari mmoja, mwanamke, akaweka kalamu chini akaniuliza polepole, "Mwalimu, hiyo damu yatoka wapi?" Nikalia, kisha nikamwambia yote.

Kolonoskopi, kipimo cha kuutazama utumbo mpana kwa ndani, watu huiogopa kwa lile bomba lenye kamera. Bomba nililala, sijui lilifanya nini. Kazi iko siku ya kabla yake, unapokunywa lita baada ya lita za dawa ya kusafisha utumbo yenye chumvichumvi na ulimi wakataa. Hata hivyo picha zilizotoka zilinifaa kuliko maneno yote. Daktari alinipangia mbili mezani. Kwenye ya kwanza utumbo ulikuwa mzima: rangi ya waridi, unang'aa, mishipa midogo imetandaa kama mito kwenye ramani. Kwenye ya pili hakuna mito. Ni wekundu mtupu, umechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye kokoto, na vijidonda vyenye usaha mweupe. "Zote mbili ni zako," akasema. Uvimbe ulianzia kwenye puru, sehemu ya mwisho kabisa, ukapanda mfululizo upande wa kushoto, halafu ukakoma ghafla. Juu ya hapo waridi safi. Vipande vidogo vya nyama vikakatwa vikapimwa, na jibu likaja kama alivyotarajia.

Huo mfululizo ni alama yake. Kolaitisi ya vidonda haitoki nje ya utumbo mpana, yaanza chini na kupanda bila kuruka, na huchoma ngozi ya ndani tu. Iko ndugu yake, maradhi ya Crohn, aliyepewa jina la daktari wa New York aliyeyaeleza na wenzake mwaka 1932. Hayo huweza kushika popote kuanzia mdomoni, huruka huku yakiacha kule, na huchimba ukuta mzima wa utumbo. Huku kwetu nayo yana mshabaha na kifua kikuu cha tumbo, kwa hiyo madaktari huenda polepole kabla ya kuyataja.

Nilimuuliza daktari nimefanya nini. Kila mgonjwa nadhani huuliza hivyo. Pilipili? Viazi vya rojo vya barabarani? Jicho la mtu? Akanijibu kwamba hakuna ajuaye sababu moja. Kuna urithi wa damu, kuna bakteria wanaoishi ndani ya utumbo, kuna mazingira, na katika mchanganyiko huo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na adui, hugeuka ikaupiga utumbo wenyewe. Hayaambukizi. Huwezi kuyapata kwa kula sinia moja nami, ingawa yuko jamaa aliyeacha, na mpaka leo hurudi kwenye sahani yake.

Jina lenyewe si geni. Daktari Samuel Wilks wa London alilitumia mwaka 1859. Lakini moyo wangu uko kwa mwanamke mmoja wa Sweden, Nanna Svartz. Katika miaka ya mwisho ya 1930 alikuwa akitafuta dawa ya maumivu ya viungo, akaunganisha dawa ya jamii ya salfa na dawa ya jamii ya aspirini. Wagonjwa waliokuwa na maradhi ya utumbo wakaanza kupata nafuu. Dawa ile, salfasalazini, ndiyo niliyoanzia mimi, miaka themanini baadaye, kwa sababu ndiyo niliyoweza kuinunua. Napenda inavyofanya kazi. Hizo dawa mbili zimefungwa pamoja, zapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba nyingi zikiwa bado zimefungika, mpaka zifike utumbo mpana. Huko bakteria wa mule mule ndani ndio wanaokata kamba, dawa ikafunguka mahali penye donda. Mkojo wako wageuka rangi ya chungwa, wameza na foliki asidi, vitamini, kando, na maisha yaendelea. Baadaye nilihamia mesalazini, ambayo ni ile nusu inayotibu bila ile nusu ya salfa iliyokuwa ikinipa maumivu ya kichwa na kichefuchefu.

Kabla ya hapo lakini, moto ulipokuwa mkubwa, nilipewa prednisoloni. Hii ni steroidi. Huzima moto kweli. Siku ya nne nililala usiku kucha, nikaamka nikidhani nimekufa. Lakini hudai chake: njaa ya kula mpaka ukoko, usingizi kupaa ukimeza jioni (meza asubuhi), na uso kujaa kama mwezi. Nilikwenda harusi Majengo na uso huo. Wanawake wakanipokea kwa vigelegele, "Maashallah, umenawiri! Ndoa imekukubali!" Nilikuwa mgonjwa kuliko siku zote za maisha yangu na sijawahi kusifiwa vile. Miezi sita nyuma, nilipokuwa nimekonda, hao hao walininong'ona. Nilikula biriani, nikacheka nao, nikarudi nyumbani kushusha dozi kwa miligramu tano kila wiki kama nilivyoandikiwa. Steroidi haikatwi ghafla. Ukiimeza kwa wiki kadhaa, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini hulala, na lazima uziamshe taratibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nilipata nafuu. Nafuu ya kweli: choo mara moja kwa siku, damu hakuna, mchele nikawa naupika badala ya kuutafuna. Nikabaki na vidonge vya kila siku. Asubuhi moja shangazi kaja, kanikuta navihesabu kiganjani, kaketi, kaniangalia.

"Mwanangu, si umepona wewe?"

"Alhamdulillahi, shangazi."

"Basi hayo madonge wayamezea nini? Mtu mzima ameza dawa?"

Sikuwa na jibu. Tena nilikuwa nalitaka swali hilo, ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Vidonge vilikuwa vikila sehemu nzuri ya mshahara wa mwalimu. Na sisi hatukulelewa na dawa ya siku nzuri. Dawa kwetu ni ya maumivu. Maumivu yakiisha, kichupa chawekwa juu ya kabati kimsubiri mgonjwa mwingine. Nikaacha. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, wa pili pia. Nikaanza kuamini kwamba madaktari wanafanya biashara. Mwezi wa nne, katikati ya somo la sehemu, tumbo likagonga mlango.

Niliporudi kliniki, daktari hakunigombeza. Alichukua karatasi akachora jiko la makaa, makaa yamefunikwa kwa jivu. "Hapa wapaona pamezima," akasema, "weka mkono uone." Utumbo waweza kuonekana umetulia, nawe ukajihisi mzima kabisa, kumbe chini yake uvimbe upo. Kuna hata kipimo cha choo, kalprotektini, kinachoonyesha uvimbe huo kabla wewe hujahisi chochote. Vidonge vya kila siku ndivyo jivu. Havikutibu ukapona moja kwa moja, vyakubakisha pale.

Ningependa kusema nilijifunza mara moja. La. Mara ya pili sikuacha vidonge, niliongeza kingine. Mgongo uliniuma baada ya kuhama nyumba, nikaingia duka la dawa nikanunua dikilofenaki kama tunavyonunua peremende. Baada ya siku chache damu ikarudi. Dawa za maumivu za jamii hiyo, ibuprofeni nayo imo, huweza kuwasha utumbo wa mtu kama mimi. Siku hizi kichwa kikiuma natumia parasetamoli, na muuza dawa namwambia mapema kwa sauti inayosikika foleni nzima kwamba nina maradhi ya utumbo. Aibu nayo huzoeleka.

Moto ule wa pili ulinilaza wodini siku tisa. Hapo nikajifunza kipimo ambacho sasa nimekibandika ndani ya kabati, kilichotolewa na madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, mwaka 1955: choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayopita 37.8, au mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika, au kiwango cha damu mwilini kushuka. Ukiona hivyo, huendi kazini ukasema utapita kliniki Ijumaa. Waenda hospitali siku hiyo hiyo. Utumbo uliovimba sana waweza kutanuka na kupasuka. Wodini niliwaona wenzangu waliopanda ngazi nyingine, dawa za kulaza kinga, sindano za bei ya kutisha ambazo kabla ya kupewa lazima upimwe kifua kikuu kilicholala, na kijana mmoja aliyetolewa utumbo mpana wote akabaki na mfuko ubavuni. Alikuwa ndiye mchangamfu kuliko sote. Aliniambia ameshaanza tena kucheza mpira, golikipa.

Kuna dawa ambayo hakuna aisemaye, nami nitaisema kwa sababu ndiyo iliyonisaidia sana. Donda langu liko chini, na kilicho chini hutibiwa vizuri kwa dawa inayoingizwa kwa njia ya chini. Walala ubavu wa kushoto usiku, wajiwekea, watulia. Nilipoandikiwa mara ya kwanza niliificha kwenye mkoba kama bangi. Niliitupa kabatini wiki tatu. Mume wangu ndiye aliyesoma karatasi yake yote, akaniambia, "Hii yafika penye kidonda yenyewe, wewe wataka izunguke mji mzima ndiyo ifike?" Akatoka chumbani akaenda kuchemsha chai. Simalizii.

Chakula kila mtu ana lake, na kila mtu ana la kukuuzia. Hakuna chakula kilichonipa maradhi haya, wala sijaona kitakachoyaondoa. Utumbo ukiwaka nala vilaini: wali, viazi, samaki wa kuchemsha, uji wa mchele, madafu ya kurudisha maji. Maharagwe, mahindi ya kuchoma na achari hukaa nje. Utumbo ukitulia, nala karibu kila kitu, na muhogo wa pale ufukweni Mama Ngina nala na pilipili yake. Nilikuwa na daftari la kuandika nilichokula na kilichotokea. Baada ya miezi mitatu liliniambia jambo moja tu la uhakika, kwamba maziwa mengi hayanipendi.

Ramadhani ndiyo ngumu. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi ndani ya Qur'ani, alipe siku nyingine, na maalim wangu hakusita hata dakika. Tatizo ni majirani. Mwanamke asiyefunga wiki moja haulizwi na mtu, tuna hifadhi yetu. Wiki ya pili macho huanza kuhesabu. Siku za damu isiyokatika, maalim alinifundisha kungoja wakati uingie, nijisafishe, nijifunge, nitie udhu kwa kila faradhi na niswali bila kuchelewa. Mwaka huu, baada ya kuzungumza na daktari, nilifunga zote isipokuwa zile za kawaida, dozi yangu nzima nikiimeza wakati wa daku.

Darasani nilikuwa na sheria kali: hakuna kutoka mpaka kengele. Niliifuta 2019. Mwalimu mkuu aliniuliza kwa nini watoto wangu wapishana mlangoni kama nyuki. Nikamwambia wana haja.

Mwaka huu natimiza minane tangu dalili zianze. Ukifika hapo, hata ukiwa umetulia, hupelekwa tena kwenye kamera, kwa kuwa utumbo uliovimba miaka mingi una hatari zaidi ya saratani na ni bora ionwe mapema. Yangu ni Alhamisi ijayo. Jumatano sitakula, nitakunywa tu. Shangazi kanipigia simu jana, kasema atakuja Likoni tangu asubuhi, atanipikia supu ya kuku aichuje mpaka iwe maji matupu, na ile dawa ya chumvi ataikamulia ndimu. Nikamshukuru. Kabla hajakata simu akaniuliza, "Na vidonge vya leo umemeza?"

Sikuwa nimemeza. Nikaamka nikavifuata.